Mapovu Niliyoyaona Kwenye Rejeta

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumanne, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimevaa ovaroli iliyolowa grisi, nimesimama mlangoni mwa gereji pale Awendo, malori ya miwa yakipita na kuangusha mabua barabarani. Spana ilikuwa mkononi na kiburi kilikuwa kichwani. Nakuambia mapema ili usije ukafikiri kwamba mzee huyu anayekusemesha alizaliwa na busara. Hii uionayo niliinunua, tena bei aliilipa mtu mwingine.

Mwenye gereji alikuwa Mzee Athumani, fundi aliyetoka pwani akiwa kijana na kuzeekea kwetu. Mimi Mjaluo, Kiswahili hiki unachokisikia nilikiokota kwake, pamoja na ufundi wote nilio nao. Alikuwa mtu wa maneno machache. Gari likiletwa, hakushika chombo chochote kwanza. Alilizunguka, akainama chini yake, akamuuliza mwenye gari maswali kama daktari: tatizo linaanza lini, gari likipanda au likishuka, unaongeza maji mara ngapi. Sisi vijana tulimcheka kichinichini. Tuliona anapoteza muda.

Wiki ile Mzee Athumani alikuwa amekwenda Muhuru Bay kutengeneza lori la mfanyabiashara wa samaki. Aliniachia gereji. Aliniambia, "Okeyo, lile usilolijua liache lingoje. Gari halina miguu, halitakukimbia." Nikaitikia, "Ndiyo, Mzee," na moyoni nikasema, sasa wataona fundi ni nani.

Basi Jumanne hiyo akaja Mwalimu Owuor. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Magunga, Msabato, mpole, mtu wa kuvua kofia hata akimsalimia mtoto. Gari lake lilikuwa la zamani, rangi ya kahawia, viti vimeshonwa kwa uzi wa gunia. Lakini kwao hapakuwa na lingine. Enzi hizo hapakuwa na bodaboda wala simu za mfukoni.

"Fundi, hii gari inachemsha," aliniambia. "Kwenye tambarare inaenda vizuri. Nikianza kupanda, mshale wa joto unakimbilia kwenye nyekundu. Maji naongeza kila siku, na chini sioni tone."

Sikiliza maneno hayo, mwanangu, maana yalikuwa yamebeba ugonjwa wote. Maji yanapungua, na chini hakuna tone. Yanakwenda wapi? Mzee Athumani angeketi juu ya tairi kuukuu na kulitafuna swali hilo hadi lipate jibu. Mimi sikuliona hata kuwa ni swali.

Nilimjibu, "Mwalimu, hiyo ni rejeta imeziba. Leo jioni unaondoka nayo."

Nikatoa rejeta. Kweli ilikuwa na tope, nikaiosha mpaka ikatoa maji meupe. Nikabadilisha mpira mmoja wa maji uliokuwa umelegea. Nikakaza mkanda wa feni. Nikaitoa na themostati, kile kilango kinachoyafungulia maji injini ikipata joto, nikaitupa, kama tulivyozoea kufanya mafundi wengi wa barabarani, bila hata kuichemsha kwenye sufuria kuona kama inafunguka. Mwalimu alikaa kwenye kibao ananitazama, na kila nilipofungua kitu nilimweleza kwa sauti kubwa ili na wapita njia wasikie.

Nikajaza maji, nikawasha injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Hapo ndipo nilipoyaona. Mapovu. Yalipanda kutoka chini, moja, mawili, kisha mfululizo, kama maji ya uji yanayoanza kutokota, na injini bado ni baridi. Nikajiambia ni hewa iliyobaki ndani, itaisha. Haikuisha. Nikakanyaga mafuta kidogo, mapovu yakazidi.

Mwanangu, kama utashika kazi hii, jua kwamba hewa iliyonaswa hutoka ikaisha. Mapovu yasiyoisha, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Gasketi ya silinda hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, imeungua. Hapo hakuna dawa ya kuosha. Ni kufungua kichwa cha injini, kukipima kama kimepinda, kukipeleka Kisumu kikasagwe kinyooke, kuweka gasketi mpya na kukaza bolti kwa zamu kuanzia katikati. Ni kazi ya siku kadhaa, na mimi sikuwahi kuifanya peke yangu.

Nami nilijua. Nataka ulielewe hilo. Singekuwa ninakusimulia habari hizi leo kama nisingejua. Nilikuwa nimemsaidia Mzee Athumani kazi kama hiyo mara mbili, na mapovu alinionyesha kwa kidole chake mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeshasema jioni unaondoka nayo. Nimeshasema mbele ya watu. Nikaona aibu kuyarudisha maneno yangu, nikachukua mfuniko, nikaufunga.

Nililiendesha gari hadi nje ya mji na kurudi. Mshale ulitulia katikati. Bila shaka ungetulia; barabara ni tambarare, gari tupu, na maji ni mapya.

Mwalimu akaniuliza, "Kwa hivyo naweza kuiamini? Nauliza kwa sababu kwetu mgonjwa akitokea, mlango unaobishwa ni wangu."

"Mwalimu," nikamwambia, "nenda nayo hata Nairobi. Ule mshale wako ukipanda tena, jua ni mshale umeharibika, si injini."

Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Maneno yale ya mwisho sikulazimishwa kuyasema. Niliyaongeza tu kama mtu anavyoongeza chumvi.

Yaliyotokea Alhamisi sikuyaona kwa macho yangu. Alinisimulia Mwalimu mwenyewe, baadaye sana.

Mke wake aliitwa Boke, Mkuria wa kule juu Kehancha. Mchana huo alikuwa akipalilia njugu karibu na kijito, nyoka akamgonga kwenye kifundo cha mguu. Wakamwita Mwalimu kutoka darasani. Akamlaza mkewe kiti cha nyuma, jirani mmoja mwanamke akampakata kichwa, wakaishika njia ya Homa Bay, kwenye hospitali kubwa. Boke alikuwa akizungumza bado. Alimwambia mumewe asisahau kufungia mbuzi.

Walipoanza kupanda mlima, mshale ukapanda nao. Mwalimu akauona. Kwa desturi yake angesimama, angezima injini, angeiacha ipoe kidogo kisha aendelee polepole, kama alivyokuwa akifanya miezi yote. Hivyo ndivyo gari lile lilivyokuwa limemfikisha mahali siku zote. Lakini siku hiyo alikumbuka maneno ya fundi: mshale umeharibika, si injini. Akakanyaga mafuta. Aliniamini mimi kuliko alichokuwa akikiona kwa macho yake.

Kabla ya kufika kileleni, moshi mweupe ulijaa kioo. Injini ikagonga mara mbili, tatu, ikashika. Ilikuwa imekufa kabisa, hata kuisukuma haikuzunguka.

Pale ni pembeni mwa mbuga ya Ruma, hakuna nyumba karibu. Mwalimu alikimbia barabarani akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakupita mtu. Alirudi, akambeba Boke mgongoni, akatembea naye, akachoka, akamweka chini, akambeba tena. Jua lilikuwa limeinama sana lilipotokea lori la mchanga likawachukua. Boke alikata roho kabla hawajafika Homa Bay.

Habari zilinifikia Ijumaa kupitia kwa mtu wa Ndhiwa aliyekuja kununua betri. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua imenyesha, "Mke wa Mwalimu Owuor amekufa. Gari ilizima njiani." Nilikuwa nimeshika jeki. Niliiweka chini polepole, nikamhesabia chenji yake ya betri.

Mzee Athumani alirudi Jumamosi, na Jumapili tukaenda maziko pamoja, maana Mwalimu alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Hakujua lolote. Nilikaa karibu naye njia nzima nikimweleza magari yaliyoletwa wiki ile, yote isipokuwa lile moja.

Kaka zake Boke walikuwa wamekuja kutoka Kuria. Mkubwa wao, Mwita, aliposimama kusema, alisema kwa Kiswahili ili Wajaluo na Wakuria wote wasikie.

"Shemeji," alisema, "tulikupa dada yetu akiwa mzima. Umempakia kwenye gari bovu, ukaikimbiza milimani mpaka ikafa. Gari ikichemsha, hata mtoto anajua inasimamishwa. Wewe ni mwalimu. Ulikuwa unafikiria nini?"

Mwalimu alikuwa ameketi, kofia magotini. Kisha akasimama mwanawe wa pekee, Ouma, aliyekuwa sekondari, miaka kumi na saba, amevaa bado sare ya shule. Akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, ni kweli? Uliona mshale umepanda na ukaendelea?"

Mwalimu akamtazama. "Ndiyo," akasema. "Niliona. Nikaendelea."

Hakunitaja. Mpaka leo sijui kama alisahau maneno yangu au aliona ni aibu kumsukumia fundi msiba wake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Kinywa changu kilifunguka, mwanangu, hilo Mungu ni shahidi. Nikawaza, nitasema baada ya sala. Baada ya sala nikawaza, nitasema watu wakishakula. Watu wakala, wakatawanyika, nami nikajikuta barabarani narudi Awendo. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi niliyaficha, kifo kikaja, na bado nikaendelea kuficha.

Wiki iliyofuata gari lilivutwa kwa trekta hadi gerejini. Mzee Athumani alilifungua mwenyewe, mimi nikimpa spana. Alipoinua silinda hedi, aliitazama gasketi muda mrefu. Ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, alama nyeusi pana kama kidole gumba. Akapitisha kidole kwenye ule weusi.

"Hii haikuungua siku moja," akasema. "Hii ilikuwa ikisema kwa muda mrefu. Lilipokuja kwako, uliona mapovu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilimtazama usoni nikashindwa.

"Niliyaona, Mzee."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Nilimwambia mshale ndio mbovu."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliketi juu ya tairi, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilitamani anipige.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kukosea kazi si dhambi. Mimi nimeharibu injini nyingi kuliko ulizowahi kuziona. Lakini yule mtu pale Magunga amelala na mzigo ambao si wake. Mwanawe anamtazama kama muuaji. Injini hii nitaitengeneza mimi. Yule mtu, mwenye kumtengeneza ni wewe peke yako, na kila siku unayoiacha ipite kazi inakuwa ngumu zaidi. Nenda kesho."

"Mzee, si ungekwenda wewe kunisemea?"

"Yakitoka kwangu ni umbea. Yakitoka kwako ni toba. Nenda kesho."

Kesho yake niliondoka asubuhi. Nilifika Ndhiwa, nikakaa kwenye kibanda cha chai mpaka mchana, nikarudi. Mzee Athumani akaniuliza, "Umemwona?" Nikasema, "Nimemwona." Akanipa mkono. Akanisifu. Nadhani katika maisha yangu hakuna kitu kilichowahi kuniunguza kama sifa ile.

Ikapita karibu miaka miwili. Usinidharau sana ukisikia hivyo. Au nidharau, ni haki yako. Uwongo una tabia moja mbaya: siku ya kwanza unakutisha, siku ya mia unauzoea kama harufu ya grisi. Gari la Mwalimu lilitengenezwa, yeye hakuja kulichukua. Alituma neno kwamba liuzwe.

Siku moja Mzee Athumani alikwenda Migori mjini kutafuta spea, akarudi amebadilika uso. Alikuwa amekutana na Mwalimu Owuor sokoni. Alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa nimelala chini ya lori la miwa, akapiga bodi kwa kiganja.

"Toka," akasema. Nikatoka. "Weka spana chini. Mtu yule nimemsalimu kama mtu aliyekwisha kuambiwa ukweli, naye hajui ninachosema. Hutagusa gari katika gereji yangu mpaka utoke Magunga. Na hata nikifa kabla hujaenda, bado nenda."

Nilikwenda siku ile ile. Nilimkuta Mwalimu uani kwake, amezeeka miaka ishirini. Ualimu alikuwa ameuacha. Nilimweleza yote nimesimama, kwa sababu nilihofu nikiketi nitanyamaza. Nilimweleza mapovu, mfuniko, maneno ya mshale, maziko, na kile kibanda cha chai.

Nilipomaliza, akanivutia kiti, nikaketi. Kisha akanisimulia habari za mlimani, zile nilizokueleza, taratibu, kama anasoma. Mwishoni akasema:

"Mwanangu aliniuliza mbele ya wajomba zake kama nilimuua mama yake. Sikuwa na jibu lingine, nikajibu ndiyo. Jibu lingine ulikuwa nalo wewe, Okeyo. Ulikuwa umesimama hapo."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Mimi ni mtu wa sala, nimekusamehe." Akatazama njia ya kuingilia boma. "Lakini mimi siye niliyehitaji kusikia. Ouma aliondoka na wajomba zake jioni ile ile ya maziko. Hajarudi. Nenda ukamwambie yeye."

Nilikwenda Kehancha kesho yake. Mwita alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu. Macho yalimjaa machozi. Akaniambia kwamba Ouma aliacha shule, akakaa nao mwaka na kidogo, kisha akavuka mpaka kwenda machimbo ya dhahabu Tanzania. Mwanzoni alituma salamu. Sasa hazikuwa zikija.

"Ungekuja mwaka mmoja nyuma," akasema, "ungemkuta ameketi pale." Akaninyooshea kigoda kitupu kilichokuwa chini ya upenu.

Nilivuka mpaka mimi mwenyewe mara tatu. Nilitembea machimboni, nikauliza jina. Wengine walisema walimjua, amehamia mbele. Nilifika huko mbele, wakasema amehamia mbele zaidi. Niliandika barua, nikawapa madereva, wachuuzi wa dagaa, wahubiri, kila aliyekuwa akienda upande ule: mwambieni Ouma wa Magunga kwamba baba yake hakufanya kosa, aliyefanya kosa ni fundi. Sijui kama barua hata moja ilimfikia.

Mwalimu alikufa katika mwaka wa nane wa upweke wake. Mwita na ndugu zake walikuja, wakasimama kaburini wakamwomba marehemu radhi kwa sauti. Nami nilisema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, maneno niliyopaswa kuyasema kwenye maziko ya kwanza. Yalikuwa ni maneno yale yale. Lakini aliyeyahitaji hakuwapo. Na maji yakimwagika hayazoleki. Mzee Athumani naye alikuwa amekwisha kufa. Nimekuwa mzee, nimetengeneza magari yasiyohesabika, na huyo kijana, ambaye sasa naye atakuwa ana mvi kama yu hai, yuko mahali fulani akiamini kwamba baba yake alimuua mama yake kwa haraka na ujinga.

Sijapata dawa ya jambo hili, mwanangu. Watu huniambia Mungu husamehe, nami naamini. Lakini msamaha haukumrudisha Ouma nyumbani.

Nakusihi basi. Ninyi wa siku hizi mna vifaa vya kuchomeka kwenye gari vikawaambia kila kitu, na hilo ni jema. Lakini kifaa hakitakusemea. Gari likichemsha, tafuta sababu, usifukuze joto tu. Iache injini ipoe kabla hujagusa mfuniko. Anza na maji, nenda kwenye mkanda, rejeta, themostati, pampu, na kama bado hujapata jibu, usiogope kuifikia gasketi. Na likikushinda, mwambie mwenye gari, "Hili limenishinda, usisafiri nalo." Aibu ya neno hilo haidumu hata siku moja. Mimi niliikwepa aibu ya jioni moja, na hii niliyoipata badala yake nitazikwa nayo.

Na hata usiposhika spana maishani mwako, hili linakuhusu. Ukiona mtu anahukumiwa kwa kosa lako, sema papo hapo, mbele ya watu wale wale, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje sala iishe. Usingoje watu wale. Ukweli unaoupeleka ukiwa umechelewa, unaweza kufika ukakuta kigoda kitupu.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu aliyeniachia uhai mrefu huu ili niyakumbuke haya, akupe wewe uhai mrefu wa namna nyingine. Akupe jicho la kuona dalili, na moyo usioufungia ukweli mfuniko. Wanaokuamini wafike salama wanakokwenda. Na watoto wako, popote watakapokwenda, wajue njia ya kurudi kwako. Amina.